Soma kitasa kwanza: namna ya kutambua vitasa na funguo sahihi za Morris Minor na gari za rika lake

Watu wanaoniletea gari la marehemu babu yao huja na kopo. La mwisho lilikuwa kopo la maziwa ya unga lenye funguo thalathini na kitu: za makabati, za makofuli, za masanduku ya njumu, mbili za baiskeli, na tatu tu zilizofanana na za gari. Gari lenyewe ni Morris Minor ya milango miwili iliyolala chini ya muembe kule Mwera, matairi yamezama udongoni.

"Shikamoo fundi. Humu mmoja lazima uingie."

"Marahaba mwanangu. Kadi ya gari unayo?"

Alishangaa. Lakini hiyo ndiyo hatua inayotangulia zote. Simchongei mtu ufunguo wa gari bila kuiona kadi, na nambari iliyo kwenye kadi nailinganisha na ya kibati kilichoko chini ya boneti. Gari ya urithi ina warithi wengi, na mwenye haraka ya ufunguo pengine siye aliyekubaliwa na wenzake. Ukimaliza hilo, endelea.

Hatua ya 1: Ijue gari, si jina lake tu

Unguja na Pemba zilikuwa chini ya himaya ya Uingereza mpaka Disemba 1963, ndiyo maana Morris, Austin na Land Rover bado unazikuta uani kwa watu. "Morris Minor" peke yake hakutoshi. Ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, na humo katikati ilibadilika mara kadhaa. Kioo cha mbele chenye vipande viwili, hiyo ni ya kabla ya Minor 1000 iliyotoka 1956. Ikiwa nguzoni kuna vile vimkono vinavyoinuka kuonyesha gari inakata kona, ni ya kabla ya mwishoni mwa 1961, isipokuwa kama kuna fundi aliyevipandikiza.

Kisha angalia namna inavyowashwa. Za mwanzo ufunguo hufungua umeme tu, stata unaivuta kwa kitufe chake. Tangu mwishoni mwa 1964 ufunguo wenyewe ndio unaopiga stata. Hili lina maana kubwa kwako, kwa sababu swichi ya aina moja haikai badala ya nyingine bila kuzipanga upya waya.

Hesabu na milango pia. Gari ya milango miwili ina milango mirefu, ya minne ina mifupi, na vitu vyake vya ndani si vile vile.

Hatua ya 2: Limwage kopo

Tandika kitambaa cheupe, mwaga funguo zote, uzisugue kwa mswaki wa meno na ndimu. Unachotafuta si ufunguo unaoingia. Unatafuta maandishi. Funguo nyingi za gari za Kiingereza za zama hizo zilitoka kwa kampuni ya Wilmot Breeden ya Birmingham, na kichwani zimegongwa herufi na namba. Herufi ndizo aina ya ufunguo, yaani umbo la ubavu wake. Namba ndiyo mpangilio wa meno.

Aina tatu utakazokutana nazo sana ni hizi: FS, namba 876 hadi 955, FA, namba 501 hadi 625, na FP, namba 626 hadi 750. Ukisoma FS 631 basi hujasoma vizuri. Rudi kwenye ndimu.

Hebu zihesabu hizo namba. FS zote ni funguo 80 tu, FA 125, FP 125. Gari maelfu kwa maelfu ziligawana funguo hizo chache. Kwa hiyo mtu akikwambia ufunguo wa Austin ya jirani unafungua Morris yake, usimwite muongo. Na kitasa kilichochakaa hakichagui tena: kinafunguka kwa ufunguo wa karibu karibu, siku nyingine kwa bisibisi. Kufunguka si ushahidi kwamba ufunguo ni wake.

Katika zile tatu za kopo la Mwera, mmoja ulikuwa FA, mmoja haukuwa na maandishi kabisa, na wa tatu ulikuwa wa boti.

Hatua ya 3: Soma swichi

Kabla ya kugusa mlango ingia ndani, piga tochi usoni mwa swichi ya dashibodi. Zile za Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme vya gari, mara nyingi zimegongwa namba pale pale kwenye uso wa silinda, yaani kile kiini kinachozunguka na ufunguo, pembeni mwa tundu. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usisugue kwa msasa. Namba zenyewe hazina kina, msasa utaondoka nazo. Paka chaki juu kisha pangusa, chaki itabaki ndani ya maandishi na utasoma bila taabu.

Ukishaipata namba ya swichi, umeshapata ufunguo wa swichi hata kama haupo. Agiza kwa namba hiyo kwa wauzaji wa vipuri vya gari kongwe Uingereza, ukija utakuwa na meno mapya yenye urefu wake. Hii ndiyo sababu sipendi kunakili ufunguo wa zamani. Ufunguo uliotumika miaka hamsini meno yake yamelika, na mashine ya kuchongea haijui hilo: inanakili uchakavu, halafu kitasa kinaongeza wa kwake.

Usidhani namba ya swichi ndiyo ya mlango. Gari nyingine zilitoka kiwandani na ufunguo mmoja wa kila kitu, nyingine na miwili, na kwa miaka yote hii mafundi wamebadilisha vitu.

Hatua ya 4: Tundu la mlango

Gari nyingi za rika hili zina tundu la ufunguo kwenye mlango mmoja tu wa mbele. Mlango wa pili unaufunga kwa ndani, unatokea huku kwenye tundu. Kijana wa Mwera alikuwa ameshaanza kutoboa mlango wa pili kwa drili, akiamini tundu limezibwa kwa rangi. Halikuwahi kuwepo.

Chora umbo la tundu kwenye karatasi, kubwa kama kiganja, na kila kona na bonde lake. Lilinganishe na ubavu wa funguo ulizonazo kwa kuutazama ufunguo kwa nchani, si kwa ubapa. Mchoro wangu haukufanana na FA. Ulifanana na FS. Basi mlangoni kuna kitasa cha FS na kwenye dashibodi swichi ya FA, na hapo kopo lilikuwa limemaliza kazi yake.

Hatua ya 5: Toa mkono wa mlango

Namba ya mlango aghlabu haiko usoni. Imegongwa ubavuni mwa silinda, na silinda imo ndani ya mkono, kwa hiyo lazima utoe.

Anza kwa ndani. Mkono wa kupandishia kioo umeshikwa na kipini kilichojificha nyuma ya kisahani chenye springi. Kisukume kisahani kuelekea mlangoni kwa vidole viwili, utakiona kipini; kisukume kwa msumari mwembamba. Tandaza shuka chini kabla, kwani kipini hicho kikianguka mchangani basi. Ubao wa mlango umeshikwa na klipu pembeni. Pitisha kisu butu karibu na kila klipu, ukiinua kidogo kidogo. Ubao ulioloa mvua za masika miaka arubaini ni kama mkate, ukiuvuta kwa pamoja unabaki na kipande mkononi.

Legeza skrubu zinazoshika mkono wa nje na uutoe taratibu pamoja na nondo yake ya pembe nne. Silinda imeshikwa na pini ndogo au klipu. Kabla ya kuitoa piga picha kwa simu, uone ulimi wake umeelekea wapi.

Kuhusu kutu: mikono hii ni ya madini laini ya zinki yaliyopakwa kromu, na upepo wetu wa chumvi unaila kwa ndani huku nje bado inang'aa. Ukiona vipele kwenye kromu, usitumie nguvu. Loweka kwa mafuta ya kupenya usiku kucha, asubuhi ijaribu tena.

Na mafuta ya nazi, jamani, hapana. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi niliyamimina kwenye kitasa cha Austin ya mtu, kikalainika vizuri sana, nikasifiwa. Msimu wa kipupwe mafuta yakaganda, yakashika vumbi, ufunguo ukakatikia ndani. Nililipa mimi. Baada ya kusafisha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha tia unga wa risasi ya penseli uliosagwa. Hauvuti vumbi.

Hatua ya 6: Kama namba imelika, viulize vibati

Silinda ya Mwera ilikuwa na FS inayosomeka na namba iliyolika. Hapo ndipo kazi yenyewe.

Ndani ya silinda mna vibati vyembamba, kila kimoja na springi yake. Bila ufunguo, vyote huchomoza upande mmoja na kuizuia silinda isizunguke. Ukitia ufunguo mtupu ambao haujachongwa meno, vinasukumwa vyote vikachomoza upande wa pili. Ufunguo sahihi ni ule unaovilaza sawa na uso wa silinda, kisichomoze kimoja huku wala kule.

Ushike ufunguo mtupu wa FS juu ya mshumaa mpaka uwe mweusi kwa masizi. Uingize wote, uuchezeshe kidogo, utoe. Kila kibati kimeacha alama inayong'aa. Hapo ndipo pa kukata.

Tumia tupa nyembamba ya sonara. Piga mara mbili, ingiza, pitisha ukucha wa kidole gumba juu ya silinda. Ukucha unahisi kisichoonekana kwa jicho. Bado kinakwaruza? Toa, piga mara mbili tena. Fanya kibati kimoja mpaka kilale, ndipo uende cha pili. Bonde la kila jino lichonge kwa miteremko pande zote mbili, lisiwe na kuta zilizosimama, ama sivyo vibati vitanasa na ufunguo hautatoka. Ukikata kupita kiasi, kibati kinarudi kuchomoza upande wa kwanza, na ufunguo huo ni wa kutupa. Weka akiba ya mitupu mitatu.

Nilianza baada ya adhuhuri, laasiri ikanikuta kwenye kibati cha mwisho. Vilipolala vyote, silinda ilizunguka ndani ya mkono kwa sauti ndogo, kama kuvunja kidole. Kijana akataka kuushika. Nikamwambia asubiri, kwanza niupime na mlango uko wazi, kitasa kikifunga hewani. Usifunge mlango wenye kitasa kipya kabla ya kukijaribu mara kumi ukiwa wazi.

Hatua ya 7: Ukilazimika kununua mkono mzima

Pima kabla ya kulipa: upana wa nondo ya pembe nne, urefu wake kuanzia kitako cha mkono hadi nchani, na umbali kati ya matundu ya skrubu. Taja na upande. Mkono wa kulia si wa kushoto uliogeuzwa. Niliwahi kuagiza kwa picha tu. Muuzaji akaniletea wa kushoto wenye nondo ndefu kuliko yangu, na nauli ya kuurudisha ingepita bei yake. Bado ninao, unashikilia mlango wa stoo.

Muulize pia kama funguo zinakuja na mkono, na zina herufi gani. Unaweza kuihamisha silinda yako ya zamani kwenye mkono mpya ikiwa kipenyo ni kimoja, na hivyo ndivyo ninavyopenda, kwa sababu gari inabaki na ufunguo wake.

Wenye Volkswagen ya mgongo wa kobe, kwenu ni rahisi zaidi. Herufi kama SC, SG au K pamoja na namba zimegongwa kwenye sehemu ya mkono iliyozama mlangoni, na herufi ndizo umbo la tundu. Angalia tu kama mkono wako una kile kichokoo cha kubana kwa ndani, kwani huo ni wa kuanzia gari za 1968 na haukai kwenye mlango wa zamani zaidi.

Gari ya Mwera sasa ina funguo mbili, FA ya swichi na FS ya mlango. Namba ya swichi na herufi za mlango, pamoja na vipimo vya nondo, nimeviandika kwa penseli nyuma ya ubao wa mlango kabla ya kuurudisha. Kopo nimemrudishia kijana. Ufunguo wa boti kaukuta mwenyewe ami yake, alikuwa akiutafuta tangu Ramadhani.