Kuchimba Tanuri la Kale la Chuma Pwani na Kuwatafuta Waliolifanyia Kazi

Katika karne ya 12 mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi aliandika kwamba chuma ndicho kilichowaletea watu wa Malindi faida kubwa, lakini habari za wavukutaji wenyewe, yaani waliovukuta moto wa tanuri, zimebaki ardhini, na uchimbaji wa pupa huzifuta.

Kibali hutangulia: Kenya kuna Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006, Tanzania Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kisha tembea juu ya ardhi ukiweka kwenye ramani mavi ya chuma (takataka ngumu zinazobaki chuma kinapoyeyushwa kutoka kwenye mawe yake), udongo ulioungua na vigae.

Ukilipata tanuri, ligawe nusu kwa kamba, uchimbe upande mmoja kwa mwiko wa mwashi ukifuata matabaka, uchore ukuta wa matabaka uliobaki katikati, ndipo uingie upande wa pili. Pima uzito wa mavi ya chuma yote kabla ya kuchagua sampuli, kwa sababu uzito huo ndio utakaosaidia kukadiria wingi wa kazi iliyofanyika. Kwa upimaji wa kaboni, unaoonyesha umri wa mkaa, chagua vijiti vyembamba au mbegu zilizoungua, kwani kiini cha mti mkubwa huweza kuuzidi moto wenyewe umri kwa miaka mingi.

Wengi huishia hapo, nami naona ndipo kazi inapoanza. Panua shimo hadi kwenye jaa, uchekeche udongo wote, utenge mifupa ya samaki, makombe na vigae vya vyungu: vyungu vyenye masizi hudokeza kwamba watu walipikia hapo hapo, ilhali mabakuli peke yake huenda yakaonyesha kwamba chakula kililetwa kutoka nyumbani, pengine na watu ambao hawakugusa moto kamwe. Gawa eneo katika miraba, upitishe sumaku kwenye udongo wa kila mraba. Magamba membamba yanayoruka chuma cha moto kinapogongwa hujaa pale fuawe lilipokuwa, na hapo ndipo alipofanyia kazi mhunzi. Chunguza pia mabomba ya udongo yaliyopitisha hewa, maana huweza kubeba alama za vidole vya aliyeyafinyanga.

Usihesabu mabomba ukadhani umehesabu wavukutaji. Matanuri marefu ya Wafipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, yalikuwa na mabomba mengi yakijivutia hewa yenyewe bila mvukuto.

Acha sehemu bila kuchimbwa, utandaze mchanga safi chini ya shimo kabla ya kulifukia, ili mchimbaji ajaye aone ulipokomea.