Kuhamishia kompyuta ndani ya kabati la redio la mninga

Mama mdogo wangu wa Tanga alirithi kabati la redio la marehemu babu: mninga mtupu, miguu minne, upana wa ndani sentimita 92, kina 40, kimo 36. Redio yenyewe iling'olewa zamani na ndani mlikuwa na kanga na albamu za picha. Mwanawe alihitaji kompyuta ya masomo, lakini mama mdogo hakutaka bati jeusi sebuleni kwake. Nikamwambia yote mawili yanawezekana. Kazi ilinichukua wikiendi tatu, na moja kati ya hizo iliteketea kwenye jambo la hewa. Ndiyo sababu hasa ya kuandika mwongozo huu.

Jambo moja kabla ya yote. Kama kabati lako bado lina redio inayopiga, usiiguse. Tafuta kabati jingine. Na kama lina redio mbovu ya zile za taa za kioo, mpe fundi redio aitoe, kwa sababu kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Hatua ya 1: Pima

Bodi mama, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vya kompyuta, huja kwa saizi: ATX ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244, mini-ITX ni 170 kwa 170. Mimi huchukua micro-ATX kwa kazi hizi: inaenea kirahisi na haikubani kwenye kadi ya grafiki. Pima pia urefu wa kipoza joto cha prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta. Virefu vinafika milimita 160. Kisha ongeza sentimita tano kila upande za kupitisha mkono na nyaya.

Gonga mbao kwa kidole. Ukiona unga mwembamba unadondoka kwenye vitundu vidogo, kuna dumuzi. Paka dawa ya mbao, subiri ikauke kabisa, ndipo uendelee.

Hatua ya 2: Kata bamba kutoka kasha la zamani

Wengi hufunga bodi mama moja kwa moja kwenye mbao. Sikubaliani nao, na sitabadilika. Mbao inavimba masika na kusinyaa kiangazi. Skrubu zinalegea, na kadi ya grafiki inavutwa upande mmoja hadi haikai vizuri kwenye nafasi yake. Tafuta kasha bovu la bati. Mafundi kompyuta wanayo mengi yanayosubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Likate kwa grenda, ukiacha vitu viwili vimeungana: bamba linalobeba bodi, na kipande cha nyuma chenye tundu la soketi (za USB, skrini na kadhalika) na nafasi za kadi. Usivitenganishe. Ukivitenganisha, kuvirudisha kwenye mraba kamili ni kazi ya kukesha, maana kosa la milimita mbili tu linatosha kadi isiingie. Kingo zote zipigwe tupa hadi kidole kipite bila kukwaruzwa.

Bamba likae kwenye mbao kwa skrubu nne. Mbili za upande mmoja zikaze. Mbili za upande wa pili ziingie kwenye matundu uliyoyarefusha kwa tupa, na washa pana (vile vibati vya duara) juu yake, ili mbao icheze bila kulivuta bamba. Kagua pia vinguzo vya shaba, vile vinavyoinua bodi isiguse bamba: kila kimoja kiwe chini ya tundu la bodi. Kinguzo kilichobaki pasipo na tundu kinaweza kugusa miguu ya vifaa kwa chini na kuleta shoti.

Hatua ya 3: Tundu la mgongoni

Weka bamba ndani, chora kwa penseli, kata kwa jigso. Vaa barakoa: vumbi la mninga linawasha pua na kifua.

Hatua ya 4: Hewa

Hapa usiruke hata mstari.

Nilipomaliza mara ya kwanza, kabati lilikuwa na feni mbili za milimita 120 mgongoni, moja ikivuta na moja ikitoa. Prosesa ilikuwa ya wati 65, kadi ya grafiki ya wati 75. Mfuniko ukiwa wazi, prosesa ilikaa nyuzi 68 kwenye kazi nzito. Nilipoufunga, ndani ya dakika ishirini ilifika 95 na mashine ikaanza kukokota. Nikabadilisha mafuta ya prosesa (ile krimu ya kupitisha joto kwenda kwenye kipoza), mara mbili. Nikaongeza feni ya tatu pembeni ya zile mbili, na joto likapanda zaidi. Nikaanza kuilaumu mbao kwamba haipitishi joto. Ni kweli haipitishi. Bati linaishinda mara mamia. Lakini hata kwenye kasha la bati, joto jingi linatoka na hewa. Mbao haikuwa na kosa.

Jioni ya siku ya pili mama mdogo aliwasha udi sebuleni, na moshi ukanionyesha. Ulitoka kwa feni ya kutoa, ukagonga ukuta uliokuwa sentimita mbili tu nyuma ya kabati, ukapanda, ukamezwa na feni ya kuvuta. Mwingine ulirudi kupitia nyufa za kandokando ya lile tundu la soketi. Mashine ilikuwa inapumua pumzi yake yenyewe, na kila feni niliyoongeza iliuharakisha mzunguko uleule.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye yote, maana nilijaribu moja moja na halikutosha lolote peke yake:

- Hewa iingie upande mmoja wa kabati na itoke upande mwingine kabisa. Kabati la redio lina bahati: tundu la spika liko mbele. Feni ya kuvuta nikaifunga hapo. Kitambaa cha zamani cha spika ni kizito mno, hewa haipiti; nilikitoa, nikakihifadhi, na mahali pake nikaweka wavu wa mbu wa dirishani. Wavu huo unazuia vumbi kiasi na unaoshwa kwa maji.
- Feni ya kutoa ikae mgongoni, juu, upande wa mbali na spika. Tundu la milimita 115 linatosha, na skrubu zake zinaachana milimita 105. Kabla ya kuikaza angalia mshale ubavuni mwa feni, unaoonyesha upepo unakokwenda.
- Pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, iwe na mlango wake. Toboa sakafu ya kabati, ilaze feni yake ikitazama chini, ivute hewa baridi kati ya miguu. Kama kabati lako halina miguu, liongezee ya angalau sentimita tano.
- Ziba kila ufa kwa vipande vya sponji, hasa kuzunguka tundu la soketi. Nafasi za kadi zisizotumika zirudishie vibati vyake.
- Kabati likae sentimita 12 au zaidi kutoka ukutani. Nilipigilia vijiti viwili nyuma ili asije mtu akalisukuma wakati wa kufagia.

Kisha washa udi. Upitishe polepole mbele ya spika, kwenye mgongo, kwenye bawaba, chini. Mbele moshi uingie, nyuma utoke, na usirudi popote. Kabla ya kupata picha hiyo usipake rangi wala vanishi, kwa sababu bado utakata. Mimi nilishapaka, ikabidi nipige msasa upya mgongo mzima. Baada ya marekebisho hayo, mfuniko umefungwa na kazi ni ileile nzito, prosesa ilitulia kwenye 73, kwa feni mbili tu.

Hatua ya 5: Kitufe cha kuwashia

Nilitumia kile kitufe cha redio chenye rangi ya meno ya tembo, kwa sababu mama mdogo alikikumbuka tangu utotoni. Chini yake kuna swichi ndogo ya kubonyeza na kuachia, ya aina ya kengele ya mlangoni. Swichi ya taa, ile inayobaki imebonyea, haifai: bodi mama inaona umeshikilia kitufe, na baada ya sekunde nne hivi inazima kila kitu. Nyaya zake mbili zinakwenda kwenye pini za kuwashia, na hazina upande.

Hatua ya 6: Waya wa ethi

Mbao haipitishi umeme, kwa hiyo bamba halitaungana moja kwa moja na ethi (njia ya umeme uliovuja kwenda ardhini) kama kwenye kasha la kawaida. Futa rangi sehemu ndogo ya bamba, funga waya kutoka hapo hadi skrubu ya kasha la pawa saplai. Tumia plagi ya pini tatu kwenye soketi yenye ethi ya kweli.

Hatua ya 7: Kupaka

Vanishi inaficha mninga. Mafuta ya kitani yanauonyesha. Paka kwa kitambaa, nje tu, futa kinachozidi, rudia kesho yake. Vitambaa ulivyotumia usivikunje wala kuvitupa kwenye ndoo ya taka: mafuta hayo yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kushika moto chenyewe. Vianike nje kimoja kimoja hadi vikakamae. Kabati nalo lipe siku tano au sita lipoteze harufu kabla ya kuiingiza mashine.

Wavu wa mbele uoshwe kila mwezi. Sisi tulio pwani hatushughuliki na vumbi peke yake, kuna hewa ya chumvi pia, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu fungua mfuniko, piga brashi laini, na tazama skrubu za bamba kama zimeanza kutu.