Kabla hujaongeza hewa: kutoa naitrojeni na fosforasi kwenye maji taka

Zamu zangu za mwanzo mtamboni nilikuwa na dawa moja tu: hewa. Amonia ikipanda, nafungua hewa zaidi. Amonia ilishuka kweli, ila asubuhi moja nikakuta mabonge ya tope (lundo la bakteria wanaosafisha maji) yanaelea kwenye tangi la kutuamisha.

Nikachota tope kwenye silinda ya lita 1. Nusu saa, limetua vizuri. Saa mbili, limepanda lote na vipovu vyake. Ukiona hivyo usilaumu tope. Nitrati, yaani amonia iliyogeuzwa na bakteria penye hewa, imebaki, na bakteria wengine wanaigeuza gesi ya naitrojeni huko chini ambako oksijeni imekwisha. Kazi hiyo tunaitaka, lakini mapema, kwenye tangi lisilo na hewa.

Basi anza na tangi la hewa: oksijeni miligramu 2 hivi kwa lita inatosha. Usiondoe tope kwa pupa, maana bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati huzaliana polepole, na maji yakiwa baridi huzidi kuchelewa. Pima alkaliniti pia, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti (mimi niliipuuza, nikaja kujuta): kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia hula oksijeni gramu 4.6 na alkaliniti gramu 7.1. Alkaliniti ikiisha, pH inaanguka na bakteria wanalegea. Nitrati ikiondolewa, karibu nusu ya alkaliniti hiyo hurudi.

Sasa rudisha maji yenye nitrati kutoka mwisho wa tangi la hewa hadi lile lisilo na hewa, hata mara 3 au 4 ya maji yanayoingia mtamboni. Maji taka mabichi nayo yaingie hapo hapo, ndiyo chakula cha bakteria. Koroga bila kurusha maji. Tumbukiza kipima oksijeni: kisome karibu sufuri. Changu kilisoma 0.6, kwa sababu ya hewa niliyoizidisha mwenyewe.

Fosforasi inahitaji tangi la mbele kabisa, lisilo na oksijeni wala nitrati. Humo bakteria wa fosforasi huitema kwanza, na fosfati (fosforasi iliyoyeyuka majini) huongezeka. Usishtuke, bakteria hao wakifika kwenye hewa watanyonya zaidi ya walichotema. Nitrati ikipenya humo, bakteria wengine wanawapora chakula.

Fosforasi haigeuki gesi. Inatoka na tope unaloondoa, kwa hiyo tope hilo lisilale siku nyingi bila hewa: litaitema tena, na maji yanayochujwa humo yatairudisha mwanzo wa mtambo.