Kikaango cha chuma cha bei poa: kukinunua, kukizoesha mafuta na kukilinda na hewa ya Tanga

Kama kwenu kuna chuma cha vitumbua cha zamani, kile kizito cheusi ambacho bibi hataki mtu akisugue na mchanga, basi hii habari nusu unaijua tayari. Hivi vikaango vya chuma ambavyo kila mtu anavitaka siku hizi ni chuma kilekile, kimeyeyushwa kikamiminwa kwenye ukungu wa mchanga, ila wamekipa umbo la flampeni.

Vya Lodge ndo vinatajwa sana, kampuni ya Tennessee huko Marekani ipo tangu 1896, na kwao kule ni chombo cha bei ya chini tu, dola kama 20 kwa saizi ya kawaida. Kinachopandisha bei kikifika huku ni mzigo, maana cha inchi 10 kinapita kilo mbili na kilo zinalipiwa. Kwa hiyo usijione mnyonge ukipata kisicho na jina au cha mtumba, kinapika vilevile.

Ukienda kutafuta, iwe Ngamiani kwenye vyombo au kwa wauza vyuma chakavu, beba sumaku, hata ile ya spika mbovu. Sufuria nyingi wanazokwambia "hii nzito dada" ni alumini, sumaku haishiki. Ikishika angalia na unene, kwa sababu bati la chuma nalo linashika ila ni jembamba na jepesi. Kiweke juu ya kitu kilichonyooka uone kama kinacheza. Alafu kining'inize kwa kidole ukigonge na ufunguo, kizima kinalia na mlio unabaki hewani kidogo, chenye ufa kinatoa sauti imekufa. Na sie watu wa pwani tuna swali letu la ziada: wavuvi wanayeyusha madini ya risasi kutengeneza chubwi, vile vizito vya mshipi, na chombo kizito cha chuma ndo kinafaa kuyeyushia. Risasi ni sumu, usitegemee kuosha wala kuchoma kwenye moto kuimaliza. Kama muuzaji hajui kilitoka wapi na ndani unaona madoa ya kijivu yanang'aa, muachie mwenyewe, hata akishusha bei.

Vya bei poa vinakuwa na mparuzo ndani, vijipunje vijipunje, kwa sababu hawakuvisaga baada ya kuvitoa kwenye mchanga. Kuna wanaompelekea fundi apige grainda. Mi naona ni kupoteza hela, tumia mwiko wa chuma bapa, kadri unavyopika panajaa na kulainika penyewe.

Sasa kukizoesha mafuta, hapa ndo pana kazi. Mafuta yakiwa membamba kabisa na yakapata moto mkali yanaganda na kushikana na chuma, yanakuwa ngozi nyeusi, si mafuta tena. Alizeti yanafaa sana na yapo kila duka. Mafuta ya nazi, najua mnayapenda na mimi nayapenda, ila kwa hii kazi hayafai, hayagandi vizuri. Kioshe na sabuni, kikaushe juu ya moto mpaka unyevu wote uondoke, kipake mafuta ndani, nje mpaka mkononi. Alafu chukua kipande kingine kikavu, kanga iliyochakaa ni nzuri haiachi nyuzi, uyafute yote kama vile ulipaka kwa bahati mbaya. Yote kabisa. Kibaki kama hakina kitu, mng'ao wa mbali tu. Watu wengi wanaharibu hapa, mkono wa Kitanga kwenye mafuta hauna breki, wanaacha kinameremeta alafu wanalalamika kinanata kama utomvu wa fenesi na vumbi lote la jikoni limeganda humo.

Kama una oveni weka nyuzi 200 hadi 250 kwa saa moja. Kama huna, mkaa ukishakolea wote kifudikize juu ya jiko, uwe nje maana kitafuka, subiri mpaka moshi ukate wenyewe, kipoe polepole, rudia mara tatu au nne. Ila usikitumbukize ndani ya makaa yenyewe, kikiiva kuwa chekundu kinaweza kupinda na hakishiki mafuta vizuri tena.

Mwanzo kaangia vitu vinavyopenda mafuta, katlesi, bajia, mihogo. Mayai yasubiri.

Chuma hiki kinachelewa kupata moto na kinachelewa kupoa, na kwenye jiko dogo la gesi katikati panaungua huku pembeni baridi, kwa hiyo moto mdogo dakika tano hivi, unakizungusha zungusha, ndo utie mafuta. Changu wako umemtoa soko la samaki la Deep Sea, mpanguse mpaka ngozi ikauke kabisa, mlaze, usimguse tena. Akiiva upande anaachia mwenyewe, ukimsukuma akigoma bado huyo. Ndimu na thomu ulivyomuwekea kabla havina neno, ya kukamulia juu isubiri sahani. Mchuzi wa nyanya au ukwaju wa kuchemka muda mrefu peleka kwenye sufuria, uchachu unakula ile ngozi na mchuzi unakuwa mweusi una ladha ya chuma. Hauui mtu, haupendezi tu.

Kuosha, sabuni kidogo haina shida, maneno ya kwamba sabuni ni mwiko ni ya enzi za sabuni kali za kostiki. Kinachoua ni kukiloweka, na huku kwetu hata kukipangusa na kitambaa tu haitoshi, kwa hewa hii ya bahari unakiweka usiku asubuhi kina unga wa kutu rangi ya chungwa. Kirudishe kwenye moto dakika mbili, kikiwa bado cha moto pitisha kitambaa chenye mafuta, futa. Usikifunike na mfuniko, weka gazeti ndani, kining'inize panapopita hewa. Kutu ikitokea wala usilie, sugua na stilwaya mpaka uone chuma, kaushia motoni, anza tena kukizoesha.

Na kikiwa cha moto usikimwagie maji ya baridi, wala watoto wasikiangushe kwenye sakafu ya simenti. Kizito hivyo lakini kinapasuka, na kikipasuka fundi wa mageti akikwambia anachomelea, kataa, chuma cha aina hii kinataka fimbo zake maalum na moto wa kukipasha kwanza, la sivyo kinafungua ufa mwingine pembeni ya ule.