Jinsi ya Kuvua Trauti Wakubwa kwa Inzi Bandia katika Ziwa Alice, Mlima Kenya

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye tayari anajua kurusha inzi bandia (ndoano iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu) mtoni, na sasa anataka kuwafuata trauti, samaki wa maji baridi, wakubwa wenye mstari wa waridi ubavuni wanaoishi katika Ziwa Alice, takriban mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Nimeuandika baada ya kumwelekeza binamu yangu, mvuvi hodari wa mito ya Aberdare, ambako trauti wa kwanza nchini waliwekwa katika mto Gura mwaka 1905. Ujuzi wa mtoni humsaidia mtu kurusha, lakini ziwani haumwambii samaki yuko wapi.

Hatua ya 1: Kupanda
Lipa kiingilio cha hifadhi, pata leseni ya uvuvi, kisha ulale usiku mmoja karibu na Ziwa Rutundu, lililo chini zaidi, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Chagua Januari au Februari, na uanze kuvua alfajiri, kwa kuwa mawingu huufunika mlima mara nyingi kabla ya saa saba mchana.

Hatua ya 2: Vifaa
Fimbo namba 6 au 7 inatosha (namba huonyesha uzito wa mshipi unaoifaa). Kuhusu mshipi, yaani uzi mnene unaorushwa, sina shaka hata kidogo: chukua unaozama polepole, na ule unaoelea uuache nyumbani. Mwishoni funga uzi mwembamba wa fluorokaboni, aina ya plastiki, ambao huzama upesi kuliko nailoni, na inzi mweusi kama Woolly Bugger, inzi bandia mwenye manyoya mengi na mkia.

Hatua ya 3: Kutafuta kina
Hapa ndipo siku nzima inaweza kupotea. Wengi hubadilisha inzi kila baada ya dakika chache, ilhali inzi wao hajafika mahali samaki walipo. Rusha, kisha uhesabu kwa sauti, sekunde kwa sekunde, kabla ya kuanza kuvuta. Mshipi wa aina hii huzama takriban sentimita 4 kwa sekunde, kwa hiyo ukihesabu hadi 25 umefika karibu mita moja. Anza na 10, urushe mara kadhaa, kisha uende 20, 30 na kuendelea, mpaka samaki aguse au ndoano ilete majani ya chini. Ikileta majani, punguza tano. Ukipata mguso, usibadilishe chochote, urudie hesabu ileile.

Yapo mambo yanayoharibu hesabu hiyo. Inzi mpya hubeba hewa katika manyoya yake, hivyo mminye ndani ya maji kwanza. Upepo wa pembeni huupinda mshipi na kuuinua, na hapo ni afadhali kuhama ufuo kuliko kuongeza hesabu. Tena usidhani kwamba kina kirefu ndicho bora: alfajiri samaki mkubwa huweza kuwa karibu kabisa na ukingo, kwa hiyo rusha sambamba na ufuo, ukiwa umesimama mbali na maji, kabla ya kurusha katikati.

Hatua ya 4: Kuvuta
Ncha ya fimbo iguse maji. Vuta polepole, kiasi cha kiganja kimoja, utulie, uvute tena. Katika maji baridi samaki huja kama uzito tu. Ukiuhisi, vuta mshipi kwa mkono kwanza, na fimbo uinue baadaye.

Hatua ya 5: Kumtoa na kumrudisha
Bana kijino cha ndoano kwa koleo kabla hujaanza kuvua. Usimchoshe samaki kwa mvutano mrefu, kwani kadiri mtu anavyopanda mlima ndivyo oksijeni inayoweza kuyeyuka majini inavyopungua. Lowesha mikono, mtoe ndoano akiwa ndani ya wavu majini, kisha umshike wima mpaka aondoke kwa nguvu zake mwenyewe. Akianza kulala ubavu, mshike tena, usimsukume.