Watu wanne, kabini moja: jinsi ya kuishi na familia kwenye chumba kidogo cha meli ya kitalii

Kazi yangu ni kutandika vitanda baharini. Ni mhudumu wa vyumba kwenye meli za kitalii, kwetu Mombasa, na kila nikiwa likizo jamaa walioko Houston, Dubai na London hunipigia na swali moja: tukichukua chumba kimoja, mimi, mke wangu na watoto wawili, tutaenea? Mtaenea. Chumba cha ndani kisicho na dirisha, kwenye meli nyingi kubwa, huwa na mita za mraba 13 hadi 17, bafu likiwa humo humo. Watu wanne hulala humo wiki nzima na hushuka wakiwa bado wanazungumza.

Watakaogombana nawajua kwa kutazama chini. Nikifungua mlango siku ya pili nikakuta masanduku, viatu na taulo vimetapakaa hadi sipati njia ya kufika kitandani, najua humo ndani maneno yameshaanza. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa ina shabaha moja: sakafu ibaki wazi. Kinachobaki ni kugawana bafu.

Hatua ya 1: Panga nani analala wapi kabla hujalipa

Kabini ya wanne ni kabini ya wawili iliyoongezwa vitanda. Vile viwili vya chini huunganishwa kuwa kimoja kikubwa au hutenganishwa. Vya ziada hushushwa kutoka ukutani au darini, mfano wa deka za bweni, au kimoja huwa ni kochi la kukunjua. Uliza chumba chako kina kipi, maana kochi likikunjuliwa linameza sakafu yote usiku, na kitanda cha darini hakimezi kitu. Mwenye watoto wakubwa atafute cha darini. Mtoto wa chini ya miaka 6 asilale juu, na makampuni mengi yenyewe hayataki. Bibi naye asiambiwe apande ngazi.

Mtoto mchanga anahesabiwa kuwa mtu kamili hata akilala kwenye kitanda chake cha kukunja, kwa sababu idadi ya watu katika chumba inafungamana na nafasi za mashua za kuokolea. Makampuni mengi hayapokei mtoto wa chini ya miezi 6, na kwa safari za kuvuka bahari kuu huwa ni miezi 12. Kitanda cha mtoto kiombwe mapema, siku ile ile ya kukata tiketi.

Halafu kuna suala la wakwe. Nimeona mama mkwe amelazwa kwenye kochi, mkwewe wa kiume yuko hatua mbili kutoka kwake, pazia hakuna, na kila mtu anakwenda kuvalia nguo bafuni. Kwa hali hiyo sina ushauri wa kupanga rafu. Kateni vyumba viwili. Ni kweli mtu wa tatu na wa nne ndani ya chumba kimoja kwa kawaida hulipa nauli ndogo kuliko wawili wa kwanza, lakini kodi, ada za bandari na bakshishi ya kila siku hutozwa kwa kichwa, kwa hiyo akiba yenyewe si kubwa kama inavyoonekana kwenye tangazo. Piga hesabu ya vyumba viwili vya ndani vinavyotazamana, ulinganishe na kimoja chenye roshani. Mimi ningechukua viwili vya ndani bila kufikiri sana: mabafu ni mawili. Makampuni hutaka kila chumba kiandikishwe mtu mzima, ingawa mengi hulegeza kwa vyumba vinavyopakana au vinavyotazamana. Mkishapanda, ombeni funguo za ziada mapokezi mlale mnavyotaka.

Kama lazima kiwe kimoja na bafu ndilo linalokutisha, angalia meli za Disney: vyumba vyake vingi vimetenganisha choo na bafu, kila upande una sinki yake. Bei yake ni ya juu, lakini ukiwa na mabinti wawili wa shule utaelewa wanacholipia watu.

Hatua ya 2: Soma ramani ya meli

Chagua katikati ya meli, sitaha za chini. Omo, mbele ya meli, hupanda na kushuka na mawimbi, tezi, nyuma yake, hutetemeka kwa mashine, na kadiri unavyokwenda juu ndivyo meli inavyokuyumbisha ikienda mrama. Kisha tazama juu na chini ya chumba chako: unataka vyumba pande zote mbili. Ukiwa chini ya bwawa la kuogelea, viti vitaburutwa juu ya kichwa chako alfajiri. Ukiwa juu ya ukumbi wa muziki, ngoma utaisikia kwenye mto. Chumba chenye mlango wa kuingilia cha jirani usikichukue kama jirani si mtu wenu. Mlango ule unapitisha hata kikohozi.

Hatua ya 3: Pakia kwa ajili ya kuta

Kuta za kabini ni chuma kilichofunikwa, na mara nyingi dari pia. Sumaku inashika. Nunua kulabu za sumaku zenye nguvu, mbili au tatu kwa kila mtu, na kofia, mikoba, jaketi na nguo za kuogelea zote zitapanda ukutani. Ongeza mfuko wa viatu wa kuning'iniza mlangoni wenye vijifuko vingi, ule unaouzwa mitumbani na madukani. Wengine huutia viatu. Mimi nawaambia wautie miwani, mafuta ya jua, chaja, vitana na dawa, vitu vidogo vinavyojaza meza kwa nusu saa. Viatu huenda chini ya kitanda.

Leso mbili za ziada ni muhimu kuliko taulo ya ziada, taulo tutakupa. Leso ikishikwa na sumaku nne darini inakuwa pazia kati ya kitanda cha wazazi na cha watoto. Isiguse kinasa moshi wala vile vichwa vya mabomba ya kuzimia moto, na usithubutu kutundika henga hapo. Kichwa cha bomba kikivunjika, maji yatakayomwagika yatalowesha hadi vyumba vya jirani.

Soketi ni chache, kwa kawaida ziko mezani, za Kimarekani na za Ulaya. Plagi zetu za miguu mitatu mara nyingi hazina mahali, basi beba adapta na chaja moja yenye matundu mengi ya USB. Ekstensheni yenye kinga ya umeme itachukuliwa langoni. Umeme wa meli haukufungwa kama wa nyumbani, na kinga ile inaweza kupata moto badala ya kuuzuia. Pasi, birika la umeme na mishumaa pia huchukuliwa. Na dada zangu wa pwani, chetezo na udi viacheni nyumbani. Moshi kidogo tu, na watu wa zimamoto wa meli wako mlangoni kwako.

Vitu vingine vitatu: taa ndogo ya betri, kwa sababu chumba cha ndani taa zikizimwa huoni kiganja chako, kopo dogo la plastiki la chooni, kwa sababu vyoo vingi vina karatasi tu, na masanduku yanayoingiana, dogo ndani ya kubwa.

Dawa, pasipoti na nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtu viwe kwenye begi la mkononi. Masanduku mnayowapa wapagazi gatini huenda yasifike mlangoni hadi jioni.

Hatua ya 4: Saa ya kwanza aingie mtu mmoja

Vyumba kwa kawaida hufunguliwa mchana. Familia ikiingia yote pamoja, kila mtu anafungua begi lake juu ya kitanda na mambo yameharibika tayari. Wapelekeni watoto wakale, abaki mtu mzima mmoja.

Kwanza aangalie nyuma ya mlango palipoandikwa kituo cha kukusanyikia, kisha wote mkamalize zoezi la usalama. Tangu ajali ya Costa Concordia ya Januari 2012, zoezi hilo hufanywa kabla meli haijaondoka, na asiyefika hutafutwa kwa jina. Watoto huvishwa kikuku chenye namba ya kituo. Wasikivue.

Pili, anitafute mimi, au yeyote anayehudumia ujia huo. Mambo ya kuniomba: vitanda vitenganishwe au viunganishwe, henga za ziada, vinywaji vya kuuza vitolewe kwenye friji uweke maziwa ya mtoto, na vitanda vya juu vikunjwe mchana. Hili la mwisho watu hawaliombi, na ndilo linalorudisha chumba. Kitanda cha juu kikiachwa chini mchana kutwa, baba anagonga kichwa kila akiinuka. Ukiniambia mnaondoka saa ngapi asubuhi, nitakikunja mkiwa kwenye kifungua kinywa na kukishusha mkiwa kwenye chakula cha jioni.

Tatu, gawa. Kila mtu droo moja, upande mmoja wa rafu, kulabu zake. Nguo zote zitoke masandukuni, na masanduku matupu yasukumwe chini ya kitanda. Moja liachwe wazi upande wa nje: hilo ndilo kapu la nguo chafu. Meli nyingi za Carnival, Princess na Disney zina mashine za kujifulia. Za Royal Caribbean hazina, kwa hiyo huko hesabu nguo zako vizuri au fua vidogo vidogo uanike kwenye kamba inayovutwa ndani ya shawa.

Watoto wakirudi, waonyeshe mlango. Mlango wa kabini ni mzito na hujifunga wenyewe, na meli ikiinama hujifunga kwa kishindo. Vidole vya mtoto vikae mbali na upande wa bawaba. Waonyeshe pia kizingiti cha bafu, kimeinuka.

Hatua ya 5: Ratiba ya bafu, iandikwe

Bafu la kabini ukigeuka na taulo unagonga ukuta. Wanne hawawezi kuoga kati ya saa kumi na mbili jioni na saa moja kisha wakafika mezani. Wagawe: watoto waoge wakitoka kwenye bwawa alasiri, mmoja aoge asubuhi kabla wengine hawajaamka, mmoja usiku. Na mkubwa mmoja asiogee chumbani kabisa. Karibu na ukumbi wa mazoezi kuna vyumba vya kubadilishia nguo vyenye shawa kubwa na maji ya moto, hulipi kitu, na mara nyingi ni vitupu.

Pazia la shawa likae ndani ya karo. Anayetawadha naye aingie shawani, asiinulie mguu sinki. Maji yakimwagika pale nje na meli ikayumba, anayefuata atateleza. Msala unatosha kati ya kitanda na meza kama sakafu iko wazi. Kwa kibla, washa televisheni: meli nyingi zina chaneli ya ramani inayoonyesha mwelekeo wa omo. Iangalie kila swala, kwa kuwa meli huweza kugeuka kati ya adhuhuri na alasiri bila wewe kuhisi.

Choo kinavuta kwa hewa. Karatasi yake tu ndiyo iingie. Nepi, pedi na vitambaa vya kufutia mtoto vikiingia, choo kitaziba, na huenda cha jirani pia, na wiki yenu ya furaha inakuwa ya fundi bomba.

Hatua ya 6: Usiku

Watoto wamelala saa tatu, nyinyi hamna usingizi, taa haiwezi kuwashwa. Hapa ndipo roshani inapolipa gharama yake: mnakaa nje, mlango umefungwa, mnasikia akilia. Kama hamna roshani, tumieni klabu ya watoto. Kwa kawaida hupokea kuanzia miaka 3, aliyeacha nepi, hadi usiku. Ikishindikana, mpeane zamu. Mmoja atoke, mmoja abaki na simu na kisikio. Kwenye roshani kiti kisikae karibu na reli hata dakika moja kama kuna mtoto chumbani.

Mwenye kukoroma ajulikane mapema, na vizibo vya masikio vigawiwe bila kumwonea haya. Bibi alale kitanda kilicho karibu na bafu, ile taa ndogo iwe upande wake.

Mmoja akichafukwa na bahari, mpe tangawizi na mkate mkavu, mpeleke nje atazame upeo wa bahari. Mifuko ya kutapikia huwekwa karibu na lifti au mapokezi bahari ikichafuka. Akitapika zulia, nipigie wakati huo huo, usifute na taulo. Ikiwa ni kutapika na kuhara pamoja, piga zahanati ya meli. Huenda ni norovirusi, kirusi cha tumbo, na kwenye chumba kimoja hupitia wote upesi. Nawaneni kwa sabuni na maji. Jeli ya mkononi haiuwezi vizuri ugonjwa huo.

Hatua ya 7: Usiku wa mwisho

Masanduku yenye lebo hutolewa ujiani kabla ya usiku wa manane. Kabla ya kuyafunga, kila mtu aweke kando nguo za asubuhi, na viatu. Kila wiki yupo mtu anayeshuka gatini na ndara za chumbani kwa sababu mkewe alipakia kwa bidii.

Kulabu zitolewe ukutani moja moja mkizihesabu, zile nyeupe hazionekani. Sefu iachwe wazi. Kisha niite nishushe vitanda vya juu mara moja zaidi, hata kama nimeshavikunja. Humo ndimo nilimokuta simu, miwani ya kusomea, retena za meno na wanasesere, vimebanwa kati ya godoro na ukuta, wenyewe wakiwa wameshafika uwanja wa ndege.