Somo: Kulinda Gari Lililoegeshwa Dhidi ya Panya

Somo hili linawahusu wenye magari yanayokaa muda mrefu bila kuwashwa: pikapu inayosubiri msimu wa mazao, gari la mtu anayefanya kazi nje ya nchi na ameliacha kwa wazazi, hata gari la familia linalotoka siku ya ibada tu. Mifano mingi nimeitoa Morogoro na wilaya za jirani, kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi ya umeme wa magari, na kwa sababu huku tunao panya wa aina zote zinazosumbua: panya mweusi wa darini, panya mdogo wa nyumbani, na panya shamba, ambaye huzaliana sana kufuatia mvua na kusogelea maghala na nyumba mahindi yakishavunwa.

Panya haingii garini kwa ukorofi. Anatafuta maficho yenye giza, mahali pakavu pa kuzalia na chochote cha kula, na gari lililotulia linampa vyote hivyo. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, hivyo ni lazima atafune ili yasirefuke kupita kiasi, na ganda la waya ni laini kuliko vitu vingi anavyovitafuna kila siku. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba panya huzuiwa kwa kunyimwa chakula, maficho na njia, na anayebaki hunaswa kwa mtego. Harufu na vifaa vya sauti nimeviweka kwenye maswali, si kwenye hatua.

Hatua ya kwanza: hakikisha kama tayari yumo

Fungua boneti mchana, ukiwa na tochi hata kama jua ni kali. Tafuta kinyesi juu ya betri, juu ya kifuniko cha injini na kwenye pembe karibu na taa. Cha panya mdogo hakizidi ukubwa wa punje ya mchele, na cha panya mkubwa hufikia sentimita moja na zaidi. Kisha fungua kasha la chujio la hewa ya injini, kwa sababu hilo ndilo chumba anachokipenda kuliko vyote: lina giza, ni kavu, na karatasi ya chujio humfaa kwa kutandika kiota. Malizia kwa chujio la hewa ya ndani, ambalo katika magari mengi ya Kijapani liko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Ukikuta nyasi, vipande vya sponji au nyuzi za gunia, usiliwashe gari kabla ya kuvitoa, kwa kuwa kiota kilichogusana na bomba la moshi lenye joto kinaweza kuwaka.

Hatua ya pili: safisha bila kutimua vumbi

Hapa naomba msiharakishe, kwa maana ndipo watu hujidhuru. Mkojo wa panya unaweza kubeba vimelea vya homa ya leptospira, na viroboto wake wanaweza kubeba tauni, ugonjwa ambao wilaya ya Lushoto iliujua vizuri kuanzia mwaka 1980. Usifagie kinyesi kikavu wala usikipulize kwa upepo wa kompresa. Fungua milango yote na uliache gari lipigwe na hewa kwa nusu saa, ukiwa umesimama mbali. Vaa glavu za mpira na barakoa, changanya sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia na sehemu tisa za maji, nyunyizia kinyesi na kiota mpaka vilowe, subiri dakika tano, kisha viokote kwa karatasi na uvifunge katika mifuko miwili. Panya aliyekufa naye alowanishwe hivyo hivyo kabla ya kuguswa, kwa sababu viroboto huuacha mzoga na kutafuta mwili mwingine wenye joto.

Chini ya boneti, ondoa kwanza waya hasi wa betri, na usimwage dawa hiyo juu ya soketi wala kasha la fyuzi, kwa kuwa klorini hula metali. Tumia kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kisha pitisha kingine chenye maji matupu.

Hatua ya tatu: ondoa chakula chote

Toa viti vya nyuma ikiwezekana na unyanyue mazulia. Gari lililobeba mahindi, mashudu au chakula cha kuku huwa na punje zilizojificha kwenye reli za viti na chini ya gurudumu la akiba, na punje hizo zinatosha kumvutia panya mdogo. Dagaa ni wabaya zaidi, kwa sababu harufu yao hubaki kwenye zulia hata baada ya kufagiwa. Zulia hilo lifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Usisahau sabuni ya kipande, mshumaa na maganda ya peremende, kwani panya huvila pia.

Hatua ya nne: tengeneza mahali pa kuegesha

Egesha mbali na ghala, banda la kuku, jalala na rundo la kuni. Fyeka majani kuzunguka gari kwa upana wa hatua mbili au tatu, maana panya huogopa kuvuka uwanja ulio wazi na hupendelea kutembea akiugusa ukuta. Kama gari liko ndani ya gereji inayofungwa, liache boneti likiwa wazi na taa ndogo ikiwaka juu yake. Mahali penye mwanga na upepo hapamvutii kujenga kiota. Turubai linalofika chini, ambalo wengi hudhani ni kinga, humfanyia panya kazi yake, kwa sababu linamtengenezea chumba kizima chenye giza kati ya magurudumu.

Hatua ya tano: ziba njia

Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita 6, unene wa penseli, na panya mkubwa hupita kwenye la milimita 12 hivi. Wavu wa banda la kuku una matundu mapana mno. Nunua wavu wa waya wa mabati wenye matundu yasiyofika milimita 6. Njia kuu ya kuingilia ndani ni tundu la hewa lililo chini ya kioo cha mbele, chini ya plastiki ya waipa. Fungua plastiki hiyo, kata wavu kwa umbo la tundu, ukunje kingo zake zisikwaruze kitu, na uufunge kwa skrubu au vibanio vya chuma, kwa kuwa vibanio vya plastiki vitatafunwa. Wavu huo unaweza kubaki hata gari likiendeshwa. Kabla ya kuzima gari kwa mara ya mwisho, weka kitufe cha hewa kwenye nafasi ya kuzungusha hewa ya ndani ili kilango cha hewa ya nje kijifunge.

Bomba la moshi na mdomo wa kuvutia hewa ya injini huzibwa kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zikiwa zimefungwa ndani ya kipande cha wavu, zisinyofoke na kuvutwa ndani ya injini. Hizi ni za muda tu na lazima zitolewe kabla ya kuwasha. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani na kingine kwenye ufunguo, ili hata mdogo wako atakayetumwa kulichukua gari ajue kwamba kuna kitu cha kutoa.

Hatua ya sita: tega

Mtego wa kubana uwekwe chini, kando ya ukuta na karibu na kila gurudumu, ulimi wa chambo ukielekea ukutani. Chambo kiwe kidogo: siagi ya karanga kiasi cha punje ya haragwe, kipande cha nazi iliyochomwa, au dagaa aliyefungwa kwa uzi ili asinyakuliwe. Panya mkubwa hushuku kila kitu kipya kinachotokea kwenye njia yake, hivyo acha mitego ikiwa na chambo bila kutegwa kwa siku mbili au tatu, naye akishazoea kula bila wasiwasi, itege yote usiku mmoja. Penye watoto au kuku, mtego uwekwe ndani ya kasha la mbao lenye tundu la kupita panya peke yake.

Hatua ya saba: kagua

Mkabidhi mtu afungue boneti kila wiki na, ikiwezekana, aliendeshe gari nusu saa. Mimba ya panya ni wiki tatu hivi, kwa hiyo gari lisilofunguliwa kwa mwezi mzima linaweza kupokea mgeni mmoja na kutoa familia.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Mimi niko Kilosa. Jirani ananishauri niweke vidonge vya kufukizia mahindi ndani ya gari, nifunge vioo siku tatu. Je, ni salama?*

Marahaba, ndugu yangu. Tafadhali usifanye hivyo kabisa. Vidonge hivyo hutoa gesi ya fosfini vikikutana na unyevu wa hewa, na gesi hiyo huua binadamu kama inavyoua panya. Ikivuja usiku gari likiwa limeegeshwa chini ya dirisha la chumba cha kulala, walio ndani hawatapata nafasi ya kujiuliza. Tena fosfini hula shaba, kwa hiyo hata ukinusurika utakuwa umeziharibu nyaya na vifaa vya umeme ulivyotaka kuvilinda.

*Na sumu ya kawaida ya dukani, fundi?*

Sumu nyingi za chambo huzuia damu kuganda na huchukua siku kadhaa kuua. Katika siku hizo panya hurudi kwenye maficho yake, na kama maficho ni njia ya hewa nyuma ya dashibodi, mzoga utaozea humo na mtalazimika kuishusha dashibodi nzima. Bundi, paka au mbwa akimla panya huyo naye anaweza kudhurika. Sumu, ikibidi, iwekwe ghalani ndani ya kasha la kufungwa, kamwe si garini.

*Mama mkwe wangu hutumia naftalini, na mimi nimeagiza kifaa cha kutoa mlio usiosikika na binadamu. Kipi ni bora?*

Dada, hakuna ninachokipendekeza kati ya hivyo. Mvuke wa naftalini kwenye gari lililofungwa una madhara, hasa kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali iliyoenea katika maeneo yetu ya malaria, kwa sababu unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yake. Kuhusu mlio, sauti za namna hiyo hazipenyi vizuizi, na panya huzizoea. Mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivyo kwamba madai yao yanahitaji ushahidi wa kisayansi. Mafuta ya mnanaa hayana ubaya, lakini harufu yake hupotea upesi. Pilipili ina nafuu kidogo, na Honda huuza utepe wa kuzungushia nyaya uliotiwa ukali wa pilipili. Bado, utepe hulinda waya uliofungwa tu.

*Paka je?*

Paka mzuri hupunguza panya uani. Ila chakula chake kisilale nje usiku, kwani kitawaita panya, na yeye mwenyewe hupenda kulala juu ya injini yenye joto. Gonga boneti kabla ya kuwasha.

*Fundi, nimekuta nyaya tatu zimekatwa. Je, naweza kuziunga mwenyewe kwa solotepu?*

Waya wa taa unaweza kuungwa na mtu mwenye ujuzi kidogo, kwa kuchomelewa risasi na kufunikwa kwa mpira unaojibana kwa joto. Solotepu huachia kwa joto la injini, maji yakaingia na kutu ikaanza. Nyaya zenye ganda la njano mara nyingi ni za mifuko ya hewa ya usalama, na zile nene za rangi ya machungwa kwenye magari ya haibridi hubeba umeme unaoweza kuua. Hizo usiziguse hata kama betri ndogo umeiondoa. Mwite fundi aliyefunzwa mfumo huo.

*Bima italipa?*

Bima ndogo, yaani ile ya mtu wa tatu, hailipi uharibifu wa gari lako mwenyewe. Mwenye bima kubwa asome sehemu ya mambo yasiyolipwa, atafute maneno yanayotaja wanyama au wadudu waharibifu, na apige picha za nyaya, kinyesi na kiota kabla ya kusafisha, maana mkaguzi akifika gari likiwa limeshaoshwa na nyaya zimeshaungwa, hakutakuwa na cha kumwonyesha.